Kairo kwa Miguu Kabla ya Kujiunga na Msafara

Katika utalii wa makundi, yaani safari ambayo watu wasiojuana hushirikiana hoteli, basi na mwongozaji mmoja, siku ya kwanza ya ratiba mara nyingi ni siku kwa jina tu, kwa kuwa jambo pekee linalopangwa ni kikao cha jioni hotelini ambapo mwongozaji huwatambulisha wasafiri na kuwaeleza taratibu. Msafiri aliyetoka kwao peke yake, na ambaye ndege imemfikisha alfajiri au usiku uliotangulia, hubaki na mchana mzima ambao hakuna aliyempangia, na katika mji wa Kairo, ambako safari nyingi za Misri huanzia, mchana huo huweza kuwa na faida kuliko siku kadhaa zinazoufuata.

Wengi huupoteza mchana huo huko Giza, kwenye piramidi. Mgeni hushindwa kustahimili kuwa karibu na piramidi bila kuziona, akakodi teksi na kulipa kiingilio, ilhali piramidi hizo kwa kawaida ndizo zinazotembelewa mwanzo na kundi zima, tena pamoja na mtu wa kuzieleza. Hoja hiyo hiyo inalihusu Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, lililozinduliwa rasmi Novemba 2025 karibu na piramidi hizo. Busara ni kuelekea mahali ambapo basi la watalii haliwezi kupenya, napo ni ule mji wa kale ulioasisiwa mwaka 969 na Jawhar, jemadari wa Wafatimi, ukoo wa makhalifa wa Kishia waliotokea Afrika Kaskazini, na ambao tangu mwaka 1979 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Njia kuu ya mji huo ni barabara ya al-Muizz, yenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, inayoanzia lango la Bab al-Futuh upande wa kaskazini na kuishia lango la Bab Zuwayla upande wa kusini, malango yote mawili yakiwa yamejengwa mwishoni mwa karne ya 11. Ni vyema kuanzia kaskazini, kwa kuwa kituo cha metro cha Bab el-Shaaria hakiko mbali na lango hilo. Metro, yaani treni ya mjini ambayo sehemu yake kubwa hupita chini ya ardhi, ilifunguliwa mwaka 1987 ikiwa ya kwanza barani Afrika, na baadhi ya mabehewa yake yametengwa kwa ajili ya wanawake, jambo ambalo mwanamume mgeni hana budi kulijua kabla hajaingia kwa pupa.

Jengo linalostahili kutazamwa kwa utulivu ni msikiti mdogo wa al-Aqmar, uliokamilika mwaka 1125, yaani miaka 18 tu baada ya tarehe iliyochongwa kwa hati ya Kufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Mjenzi wake alikabiliwa na tatizo ambalo kila mji wenye misikiti hulijua: barabara ilielekea upande mmoja na kibla upande mwingine. Hakuukata mtaa wala hakuipotosha sala, bali aliulaza ukuta wa mbele sambamba na barabara, akaugeuza ukumbi wa ndani uelekee Makka, na tofauti ya pembe akaificha ndani ya ukuta wenyewe, ambao kwa sababu hiyo ni mnene upande mmoja kuliko mwingine. Mbele kidogo lipo jengo la Sultani Qalawun, la miaka ya 1284 na 1285, lililounganisha kaburi, madrasa na hospitali iliyowatibu matajiri na maskini bila malipo. Anayetembea na kundi huyapita majengo haya akisikiliza saa ya kuondoka, ilhali aliye peke yake anaweza kuketi kizingitini hadi macho yake yazoee.

Soko la Khan el-Khalili halihitaji maelezo mengi, kwani wafanyabiashara wake wenyewe watamwita mgeni. Afaaye kuangaliwa ni yule kijana mpole anayedai kwamba msikiti umefungwa leo, kisha akajitolea kuonyesha njia nyingine, ambayo huishia kwenye duka la manukato. Waliozoea mapapasi wa Zanzibar watamtambua mara moja. Noti ndogo ndogo za bakshishi ziwe mfukoni, na siku ikiwa Ijumaa, misikiti iachwe hadi sala ya adhuhuri imalizike. Baada ya hapo msikiti wa al-Azhar, uliokamilika mwaka 972 na ambao chuo chake huwapokea hata wanafunzi kutoka Afrika Mashariki, huingiwa bila kiingilio, viatu vikiwa vimevuliwa na wanawake wakiwa wamejifunika kichwa.

Chakula cha mchana kinachofaa ni kushari, mchanganyiko wa wali, dengu, makaroni na adesi unaomwagiwa mchuzi wa nyanya na vitunguu vya kukaanga, ambao hushibisha kwa bei nafuu. Inafaa kurudi hotelini kabla ya magharibi, kwa sababu foleni za Kairo hazimsubiri mtu aliyeahidi kufika kikaoni, na mwongozaji huenda akatangaza safari ya Giza ya alfajiri ili kuwahi kabla jua halijawa kali.