Leseni Iliyokwama Mpakani

Nilipohama Texas kwenda California kumwuguza dada yangu, nilidhani leseni yangu ya uuguzi ingenifuata kama kivuli. Wapi! Majimbo zaidi ya 40 ya Marekani yamo katika mkataba ulioanza mwaka 2000, na muuguzi mkaazi wa huko aweza kufanya kazi kote humo kwa leseni moja. California haimo. Mtihani sikurudia, kwani NCLEX ni ule ule nchi nzima. Lakini ilinibidi kuomba upya, kulipa ada, kutoa alama za vidole, kisha kungoja Texas ithibitishe leseni yangu. Majuma yakapita. Hospitali ya jirani ikitafuta wauguzi usiku na mchana, nami nimeketi jikoni namkorogea dada uji.