Magadi ya sokoni ni madini yaliyofunga maji

Na Mwandishi Wetu, Makambako

MAGADI yanayotiwa katika makande, maharage na mboga za majani katika nyumba nyingi za Makambako na Njombe ili chakula kiive upesi, kwa wanajiolojia ni madini yaitwayo trona.

Muundo wake una sodiamu tatu, kaboneti moja, bikaboneti moja na molekuli mbili za maji. Maji hayo hayaonekani wala hayalowanishi mkono, kwa kuwa yamefungwa ndani ya fuwele. Tabaka za fuwele hizo zimeshikamana kwa nguvu hafifu, ndiyo maana jiwe la magadi ni laini na huvunjika kirahisi. Likichomwa, hutoa maji na hewa ya ukaa, na kubaki magadi makavu yanayotumika kutengenezea kioo na sabuni.

Trona huzaliwa katika maziwa yasiyo na mto wa kutokea. Chemchemi huleta chumvi, jua kali hukausha maji, na utando mweupe huganda juu. Hivyo ndivyo ilivyo Ziwa Natron mkoani Arusha, na Ziwa Magadi nchini Kenya ambako uchimbaji wa kibiashara ulianza mwanzoni mwa karne ya 20.

Jirani na Natron, mlima Oldoinyo Lengai hutoa lava yenye nyerereiti, kaboneti isiyo na maji iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Lava hiyo hutoka nyeusi, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe.

Mpango wa kujenga kiwanda Natron uliotangazwa mwaka 2006 ulipingwa vikali, kwa kuwa ziwa hilo ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo duniani. Kampuni ya Tata ilijitoa mwaka 2008.

Hata hivyo, kwa mlaji suala kubwa ni afya. Magadi huharibu vitamini B1 na C, na sodiamu yake haiwafai wenye shinikizo la damu. Aidha, magadi ya baadhi ya maziwa yana floridi, ambayo ikizidi huwaachia watoto meno ya kahawia, na kuchemsha hakuiondoi.

Njia salama ya kuharakisha maharage ni kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji hayo, kisha kuyapika kwa maji mapya bila magadi.