Mutuka ibridi ya familia: itasaidia koperative ao itakula kasa?

Tangu mauzo ya mpunga yaanze, swali moja limetufikia mara nyingi kutoka kwa komite za koperative hapa Makiso: "Tuko na feza kidogo kwa kasa. Wanatuambia Fielder ibridi inakunywa esansi kidogo sana. Tununue?" Swali ni zuri, lakini jibu lake si ndiyo wala hapana tu. Feza ya kasa ni jasho la wanachama wote, na mutuka mbaya inaweza kuimaliza kwa mwaka mmoja. Basi tuiangalie namna tunavyoangalia mbegu mpya: inazaa kwa udongo gani, na inakufa kwa udongo gani.

Mutuka inayozungumzwa sana ni Toyota Corolla Fielder Hybrid, ile ya familia yenye nyuma ndefu. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2013. Zinazofika kwetu ni za mkono wa pili: zinashuka melini Mombasa ao Dar es Salaam, zinapita Uganda, zinaingia Kasindi, kisha zinafuata barabara ya Beni, Komanda na Nia-Nia mpaka Kisangani. Mutuka iliyomaliza safari hiyo imekwisha kuteseka kabla hujaiona. Kumbukeni hilo wakati muuzaji anasema "iko mpya".

Ndani yake kuna motere mbili: ya esansi ya lita 1.5, na ya umeme. Wengi wanatuuliza kama italazimu kuichomeka kwa kura ya SNEL. Hapana, kwa bahati nzuri. Batri kubwa iliyo chini ya kiti cha nyuma inajazwa na mutuka yenyewe. Ukikanyaga freni, ule mwendo ambao kwa mutuka ya kawaida unapotea kama joto, hapa unageuzwa umeme na kurudi kwa batri. Ukisimama, motere ya esansi inazimika. Ukianza polepole, ya umeme ndiyo inasukuma. Kwa hiyo faida yake iko pale penye kusimama na kuanza, kusimama na kuanza: soko kuu, daraja la Tshopo asubuhi, katikati ya pikipiki na toleka.

Kwa kipimo cha Japani, Fielder ibridi iliandikwa kilometa 33 kwa lita moja. Hiyo ni namba ya laboratware: mtu mmoja, barabara laini, hakuna gunia. Msiiweke kwa bajeti.

Tufanye hesabu yetu. Hizi ni namba za mfano, muweke zenu. Tuseme mutuka ya kawaida inakula lita 9 kwa kilometa 100, na ibridi lita 5 ndani ya mji. Unaokoa lita 4. Tuseme tena ibridi inauzwa dola 1,500 juu ya ile ya kawaida, na lita ni dola 1.5. Ili kurudisha ile tofauti lazima uokoe lita 1,000, ndiyo kusema utembee kilometa 25,000. Koperative inayotembea kilometa 60 kwa siku, siku 6 kwa juma, itafika pale baada ya majuma 69 hivi, karibu mwaka na miezi minne. Si mbaya. Lakini kwa potopoto motere ya esansi haipumziki, na freni hairudishi kitu kikubwa. Tofauti ikishuka kuwa lita 2, zinahitajika kilometa 50,000, kwa njia ambayo mutuka yenyewe labda haitazimaliza.

Na hapo tumefika kwa njia. Kisangani mvua inapita milimita 1,600 kwa mwaka, na hatuna kiangazi kirefu cha kukausha barabara. Tumbo la Fielder haliachani na ardhi hata kwa sentimita 16. Ibridi hii inavutwa na magurudumu ya mbele tu. Tena, kamba za umeme za rangi ya chungwa zinatoka kwa batri ya nyuma kwenda mbele zikipita chini ya mutuka. Inverta inapandisha umeme huo mpaka volti 520. Umeme wa nyumbani ni 220. Sasa fikirini gogo ao jiwe linalokwaruza pale chini kwenye route Buta, nyuma ya PK 40. Sisi hatungepeleka mutuka hii huko. Kwa Opala ao Ubundu, hata msizungumze.

Mzigo nao una ukweli wake. Kwa karatasi za Japani, mutuka ya watu watano inahesabiwa kilo 55 kwa kila mtu: kilo 275 zote, shofere akiwa ndani. Shofere wa kilo 70 anakuachia kilo 205, yaani magunia manne ya kilo 50. Tunajua hapa kwetu watu wanapakia manane na makemba juu ya paa, na mutuka inaondoka. Inaondoka, ndiyo. Resori zinalala, tumbo linashuka zaidi, na zile lita mlizotaka kuokoa zinaishia kwa garaji.

Jambo ambalo wauzaji hawasemi kabisa ni pumzi ya batri. Batri kubwa inaogopa joto. Iko na feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya mutuka kupitia tundu lenye wavu kwenye kiti cha nyuma. Familia ya Japani inaweka mtoto pale. Sisi tunaweka nini? Gunia la mchele, vumbi la muhogo, bidoni ya mawese. Tundu likizibwa, batri inapika yenyewe polepole, bila kelele, mpaka siku taa nyekundu inawaka. Kama mtanunua, shofere ajue tundu liko wapi, asilifunike hata siku moja, na wavu upanguswe vumbi kila juma. Kazi ya dakika tano, lakini inalinda piesi ya bei kubwa kuliko zote.

Mazoea mengine ya hapa yanabidi kuachwa. Mutuka hii haiwashwi kwa kusukumwa, hata muwe vijana ishirini. Haina ambreyaji wala demarere ya kawaida. Ikiharibika njiani, isivutwe kwa kamba huku magurudumu ya mbele yanazunguka chini, maana yakizunguka yanatengeneza umeme na yanaweza kuharibu sehemu ya ndani, inyanyuliwe mbele. Mbali na batri kubwa iko na batri ndogo ya volti 12, na hiyo ikikufa, neno READY haliwaki na mutuka haiendi, ingawa batri kubwa imejaa. Msiitumie kuwashia Hilux ya jirani. Na fundi asiyejifunza ibridi asiguse zile kamba za chungwa. Hapa hatufanyi mchezo: zinaua.

Kuna pia Prius alpha ya mwaka 2011, pana zaidi, motere ya lita 1.8. Ile ya viti saba iko na batri ya lithiamu katikati ya viti vya mbele, mbali na magunia, jambo tunalolipenda. Lakini tumbo lake liko chini vilevile.

Kwa mawazo yetu, koperative ambayo mali yake inafika mjini kwa pirogi, balenyere ao kamio ya kukodi, kisha inabaki kazi ya kugawa kwa wateja wa Makiso, Kabondo, Mangobo na Tshopo, hiyo inaweza kufaidika na ibridi. Mchele uliofungwa vizuri, mboga, mayai, safari za benki: ni mizigo myepesi na vituo vingi. Koperative ambayo shida yake ni kutoa muhogo shambani iache. Feza ile ile ikodi kamio siku za mavuno, ao inunue moto ya magurudumu matatu. Wenzetu wa Lubunga wahesabu pia baki ya kuvuka mto.

Kama mmeamua kununua, iendesheni saa nzima kabla ya kulipa, si dakika kumi. Tazameni alama ya batri kwenye dashibodi: kama inapanda imejaa na kushuka tupu haraka haraka, batri imechoka. Angalieni wavu wa feni, maana vumbi jingi pale linaeleza maisha yake yote. Ombeni fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya mutuka apime kila kipande cha batri. Kimoja kikiwa chini sana ya wenzake, ondokeni. Ulizeni bei ya batri nyingine, na nani mjini anaweza kuifunga, kabla ya feza kutoka mfukoni.

Usukani wa mutuka hizi uko kuume, na sisi tunaendesha kuume kwa barabara, kwa hiyo shofere haoni vizuri akitaka kupita kamio. Ulizeni kwanza uchukuzi kama aina hiyo itaandikishwa, mdai karatasi za DGDA mkononi, na karte roze iandikwe jina la koperative, si la prezida.