Mlango wa Hagadera umetoka Kongo

Mwezi uliopita nilikuwa Hagadera, na katika soko la kambi nikamkuta fundi seremala akipiga randa ubao mwekundu wa mahogani. Ulikuwa wa mlango wa madrasa. Wazee wa kamati walisimama pembeni wakibishana: waendelee na mbao, au wachomelewe mlango wa chuma? Nikamuuliza fundi mbao imetoka wapi. "Hii ni ya Kongo, ustadhi," akanijibu.

Hebu fikiria safari hiyo. Gogo linakatwa mashariki mwa Kongo, mbao zinapita Uganda, zinaingia Kenya kwa Busia au Malaba, zinafika Nairobi, zinavuka Mto Tana pale Garissa, kisha kama kilomita mia nyingine hadi kambini. Kila kituo kina gharama yake. Ndiyo maana wazee walikuwa wanakuna vichwa.

Sisi watu wa Pwani biashara hii tunaijua kutoka upande wa pili. Kwa karne nyingi majahazi yaling'oa nanga Lamu wakati wa kusi, yamesheheni boriti za mikoko kwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Vyumba vya kale vya huko, kama vya Lamu, ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, mita tatu hivi au pungufu. Msaji wa kuundia majahazi ya Sur nao ulitoka India.

Omani ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967, na baada ya 1970 ujenzi ukahamia kwenye saruji na nondo. Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982, waliolia zaidi ni wakataji wa Lamu. Mnunuzi alikuwa ameshapata kitu kingine cha kushikilia dari.

Kenya imekwenda kinyume. Mwaka 1986 amri ya rais ilizuia kukata miti ya asili. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha marufuku ikaongezwa tena na tena hadi Rais Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Muda wote huo watu waliendelea kuoa, kujenga na kununua vitanda. Msumeno haukunyamaza, ulihamia kwa jirani: Kongo na Tanzania.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Omani ilipata badala kwanza, ndipo haja ya boriti ikapungua. Sisi tulifunga msitu bila kuandaa badala. Kweli, wao walikuwa na fedha za mafuta. Lakini badala si lazima iwe ghali.

Tazama Hagadera yenyewe. Tangu kambi ifunguliwe mwaka 1992, miti ya karibu imeliwa na kuni na vibanda. Kilichobaki kwa wingi ni mathenge, mti wa kigeni uliopandwa Bura na Hola miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ambao sasa umevamia malisho na kutoboa kwato za mbuzi. Mbao yake ni ngumu na nzito, inafaa kwa samani. Ila shina lake ni fupi na limepinda, kwa hiyo linataka mashine ya kupasulia, kukaushwa vizuri na fundi anayejua kuunga vipande vidogo.

Fundi yule alinionyesha kigoda alichotengeneza kwa mathenge. Kilikuwa kizito, kizuri, hakina ufa. "Nikipata mbao iliyopasuliwa, natengeneza hata madawati," alisema.

Wazee walichagua mlango wa chuma. Fedha iliyobaki wameiweka kwa madawati. Kaunti na mashirika ya kambini wakileta mashine ya kupasulia, madawati hayo hayatahitaji kuvuka mipaka miwili.