"Ningejua nisingekuja": kwa nini sentensi za "If" aina ya tatu zinawapiga chenga madogo wa form two

Leo tuweke pembeni siasa na mpira, tuongelee darasa kidogo.

Kama una mdogo wako yupo form one au form two hapa Masumbwe, au Ushirombo, au Kahama, muombe daftari lake la Kiingereza. Fungua zile kurasa za sentensi za "If". Aina ya kwanza na ya pili utakuta vema za kutosha. Ikifika aina ya tatu, yaani ile ya "had" na "would have", makosa matupu.

Watu wanakimbilia kusema watoto wa siku hizi hawasomi. Mimi sikubali. Huwa nafundisha twisheni za jioni, na ninachokiona ni kwamba shida inaanzia kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Ngoja nifafanue.

KISWAHILI CHETU NI -NGE- KILA MAHALI

Vitabu vya sarufi vinasema tunazo alama mbili. -nge- ni kwa jambo ambalo sasa hivi haliko hivyo: "Ningekuwa na hela, ningenunua pikipiki." -ngali- ni kwa jambo lililokwishapita, halirekebishiki tena: "Ningalikuwa na hela mwaka jana, ningalinunua pikipiki."

Sasa niambie, mara ya mwisho kumsikia mtu stendi anasema "ningalinunua" ilikuwa lini? Mtaani tunasema "ningenunua" kwa yote mawili, na muda tunaujua kwa maneno ya pembeni kama "jana" au "mwaka jana". Tunaelewana vizuri tu.

Kiingereza hakikubali hivyo. Chenyewe lazima kitenzi kibadilike:

"If I had money, I would buy a motorcycle." Sasa hivi sina, natamani.
"If I had had money last year, I would have bought a motorcycle." Mwaka jana sikuwa nayo, basi tena.

Halafu kuna la pili, na hili ndilo linaloua wengi. Kiswahili kinaweka alama ileile pande zote mbili: niNGEjua, nisiNGEkuja. Dogo anaubeba mzani huo hivyohivyo mpaka kwenye Kiingereza, anaandika "If I would have known, I would not have come." Kwa jicho la Kiswahili yuko sawa kabisa! Lakini Kiingereza cha mtihani kinataka pande mbili tofauti. Upande wa "If" unakaa "had", upande wa matokeo unakaa "would have". Mwambie hivyo waziwazi, maana asipoambiwa hawezi kujua anakosea wapi.

ANZA NA TUKIO, FOMULA BAADAYE

Ukianza na fomula ubaoni, mtoto anakariri, wiki ijayo imeyeyuka. Jaribu hivi:

1. Mpe tukio lililokwisha, lenye chanzo na matokeo. Huku kwetu kila mtoto anajua duara la dhahabu ni nini, basi tumia hilo: "Wachimbaji hawakuweka matimba. Duara likaporomoka."

2. Mwambie ageuze pande zote mbili. Hapana iwe ndiyo, ndiyo iwe hapana: "Kama wangeweka matimba, duara lisingeporomoka."

3. Sasa ndiyo aingie kwenye Kiingereza: "If the miners had supported the pit with timber, it would not have collapsed."

4. Muulize maswali mawili. Je, waliweka matimba? Je, duara liliporomoka?

Usiruke hatua ya nne hata kidogo. Aliyekariri fomula tu atakujibu "waliweka, na halikuporomoka." Yaani kaandika sentensi sahihi lakini kaielewa kinyume! Sentensi ya namna hii inasema kinyume cha kilichotokea. Hiyo ndiyo maana yake yote.

KWANI INA UMUHIMU GANI?

Historia tumesoma wote. Mwaka 1884 Karl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba, na Chifu Mangungo wa Msovero akatia alama yake kwenye karatasi ya lugha asiyoijua. "If Mangungo had understood the paper, he would not have signed it." Sentensi hiyo moja ina somo la Kiingereza na la Historia.

Na msidhani ni mambo ya zamani tu. Sisi tunaishi kwenye ukanda wa dhahabu, barua na mikataba ya Kiingereza inatufikia. Chukulia kijana kaumia kazini, anapokea barua imeandikwa "Had the worker reported the injury, he would have been paid." Hapo "If" imeondolewa na "had" imeruka mbele, lakini ni ileile aina ya tatu. Asiyeijua anaona neno "paid" anafurahi. Kumbe anaambiwa hukutoa taarifa, na hulipwi. Anayeijua anaweza kubisha siku hiyohiyo.

VITU VIDOGO VYA KUANGALIA

- Baada ya "had" na "would have" kinafuata kitenzi cha safu ya tatu. Ni "had gone", siyo "had went". Anza na vyepesi kama work, worked, worked, ndiyo uende kwa dig, dug, dug na go, went, gone.

- Ile 'd inachanganya. Kwenye "If I'd known, I'd have come" ya kwanza ni "had", ya pili ni "would".

- Ukiona mtandaoni mtu kaandika "would of", usiige. Hata wazawa wa Kiingereza wanakosea hapo, kwa sababu masikioni inafanana na "would've".

- Kama chanzo ni cha zamani lakini matokeo ni ya sasa, "have" inaondoka: "If Geita Region had not been created in 2012, Masumbwe would still be in Shinyanga." Hii ipeleke mwishoni, wakishaielewa ile ya kawaida.

Haya wadau, zamu yenu. Chukua tukio moja la kweli, ligeuze, uliweke hapo chini kwenye maoni kwa Kiingereza. Atakayekosea tutamsahihisha bila kumcheka. Na walimu mliopo humu, kama mna njia nyingine inayofanya kazi darasani, imwageni hapa.

Nawasilisha.