Wi-Fi ya Nyumbani: Kasi Inapotelea Wapi?

Laptopu mbili ziko juu ya meza moja, zimeunganishwa na ruta moja, na kifurushi kilicholipiwa ni cha megabiti 100 kwa sekunde. Ya kwanza ikipimwa inaonyesha 92, ya pili 35. Mwenye ya pili hukimbilia kumlaumu mtoa huduma. Lakini ile 92 ya jirani yake imekwisha kuthibitisha kwamba intaneti inaingia nyumbani bila kasoro. Kasi inapotea baina ya ruta na laptopu yake.

Speedtest na Fast.com hupima safari nzima: kwa mawimbi hadi kwenye ruta, kwa faiba hadi kwa mtoa huduma, kisha hadi kwenye seva ya kupimia. Kinachosomeka ni kasi ya kipande kinachosuasua kuliko vyote, na namba peke yake haisemi ni kipi. Ndiyo maana mimi huanza na waya. Unganisha laptopu na ruta kwa kebo, zima Wi-Fi, upime. Kama kifurushi chako kinazidi 100 na kipimo kimegota kwenye 94 hivi, kagua tundu la kebo kwanza, kwa kuwa ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 tu.

Sasa chomoa kebo, uwashe Wi-Fi. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike netsh wlan show interfaces. Kwenye Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi. Utaona bendi au chaneli unayotumia na kasi ya muunganisho. Hapa ndipo siri ya ile 35 inapofichuka. Laptopu ya zamani yenye Wi-Fi 4, antena moja na bendi ya gigahezi 2.4, kwenye chaneli ya kawaida ya upana wa megahezi 20, huunganishwa kwa megabiti 72 kwa sekunde, basi. Na kasi ya muunganisho si kasi ya data: takribani nusu, pengine zaidi kidogo, ndiyo humfikia mtumiaji, nyingine huliwa na kusubiriana na kuthibitishiana hewani. Kwa hiyo 35 si ugonjwa. Mashine hiyo inafanya kazi yake vizuri kabisa! Mwenzake mwenye Wi-Fi 5 na antena mbili kwenye gigahezi 5 huunganishwa hadi 867. Adapta ndogo ya USB yenye bendi mbili itamsaidia mwenye ile 35 kuliko kifurushi kikubwa zaidi.

Hata hivyo gigahezi 5 haipendi kuta. Katika nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe, ambako ukuta wa matumbawe ni mnene, hiyo 2.4 iliyodharauliwa inaweza kushinda chumba cha nyuma. Pima pale unapofanyia kazi, si kando ya ruta.

Ukilinganisha, weka laptopu mahali palepale kwa zamu. Zikipimwa kwa pamoja zinagawana hewa ileile. Zote ziwe kwenye chaja, maana baadhi hubana nguvu za Wi-Fi zikiwa kwenye betri, na masasisho yasiwe yanapakuliwa kimyakimya. Rudia mara kadhaa, uchukue namba ya katikati, wala si ile kubwa inayofurahisha.

Chagua pia seva ileile. Speedtest kwa kawaida hukuchagulia ya karibu, tuseme Nairobi au Dar es Salaam, na hiyo haisemi lolote kuhusu njia ya kwenda Ulaya. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tovuti za nje zilikwama Afrika Mashariki; siku kama hiyo seva ya jirani inaweza kukupa namba nzuri tu.

Kuna namba moja ambayo wengi huiruka: ucheleweshaji, unaohesabiwa kwa milisekunde. Fast.com, ukibofya maelezo zaidi, huonyesha ucheleweshaji laini ikiwa tupu na ikiwa imeelemewa. Ikiruka kutoka 20 hadi 400, simu ya video itakatikakatika hata kama kasi ni 92, kwa sababu pakiti zimepanga foleni ndani ya ruta. Tafuta kwenye mipangilio ya ruta kipengele cha QoS, kinachopanga data ipi itangulie, au mwombe anayepakia video chumba cha pili asubiri kikao chako kiishe.