Alama ya Mzizi: Neno Moja la Kichina Katika Lugha Nne

Wanachuo waendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hupenda kueleza neno kwa kuanzia asili yake. Tumewahi kukaa nyuma ya darasa la 4 tukamsikia mmoja wao akisema kwamba «safari» ni neno lililotoka katika Kiarabu, na kwamba maana yake ni mwendo wa kutoka mahali hadi mahali. Alisema kweli. Lakini mtoto mmoja akauliza: «Mwalimu, mbona mama husema, safari hii umefaulu?» Mwanachuo akafikiri kidogo, kisha akajibu kuwa mama amekosea.

Mama hakukosea. Mtoto yule alirudi nyumbani na funzo baya, nalo lilitokana na mwalimu kudhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake. Kosa hili ni rahisi kufanywa, na kwetu ni vigumu kulitambua, kwa kuwa herufi tunazotumia zatuonyesha sauti tu. Kwa hiyo tumeona vema tuwapeleke wasomaji wetu Asia ya Mashariki, ambako asili ya neno aghalabu huonekana kwa macho katika maandishi yenyewe.

Chora ubaoni mstari wima. Ukate kwa mstari mlalo karibu na juu, kisha kutoka hapo yateremshe matawi mawili, moja kushoto na moja kulia. Umeandika 木, yaani «mti» kwa Kichina. Sasa ongeza kistari kifupi chini, penye shina. Umepata 本. Kile kistari si sehemu ya picha. Ni kama kidole kinachoonyesha: hapa, penye mzizi. Ukikiweka kistari juu badala ya chini, hupata 末, «ncha». Mwanachuoni Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake kiasi cha mwaka 100 baada ya Kristo na kueleza humo alama 9,353, aliieleza 本 hivyo hivyo: sehemu ya chini ya mti. Hatujui mfano mwingine unaomfaa mwalimu kuliko huu, maana mtoto akiuona mara moja hausahau.

Je, mtoto huyo sasa anajua maana ya 本? Tutazame.

Katika Kichina alama hiyo hutamkwa ben. Kutoka «mzizi» ilipata maana ya «asili» na «msingi», jambo lisilotushangaza sisi ambao husema mzizi wa fitina na shina la neno. Ilipata pia maana ya fedha za kuanzia biashara. (Waarabu waliziita fedha hizo «kichwa cha mali», nasi tukapokea «rasilimali», wengine wameanzia kichwani, wengine mizizini.) Mbele ya neno «shule», ben humaanisha «shule yetu hii». Tena Wachina hawawezi kusema «vitabu vitatu» bila kutia neno la kuhesabia kati ya tarakimu na kitu, na neno la kuhesabia vitabu ni ben. Kitabu chenyewe, hata hivyo, huitwa shu.

Wajapani walipokea maandishi haya kutoka bara, pamoja na dini ya Buddha na elimu ya utawala. Wao waliipa alama yetu matamshi mawili: hon, lililotokana na sauti ya Kichina, na moto, neno lao la tangu zamani lenye maana ya «chanzo». Kwa Wajapani hon ndicho kitabu chenyewe. Njia iliyofika huko ni hii: nakala ya asili, ile inayonakiliwa na wengine, ni kama mzizi wa nakala zote, na hadi leo kielelezo anachofuata mwanafunzi wa mwandiko huitwa tehon. Lakini muulize Mjapani kama huhesabu vitabu kwa neno hilo, atakuambia sivyo. Kwa hon yeye huhesabu vitu virefu vyembamba: penseli, chupa, hata miti. Penseli moja ni ippon, mbili nihon, tatu sanbon. Sauti hubadilika kwa kufuata jirani yake, na ile p ya ippon ni mabaki ya matamshi ya kale. Filamu na simu zinazopigwa nazo huhesabiwa hivyo. Sisi wenye ngeli tusicheke. Nasi twaweka mti na mkate katika ngeli moja, na mtoto hasumbuki.

Jina la nchi yao, Nihon, huandikwa 日本, yaani «asili ya jua». Wakorea husoma alama hizo hizo Ilbon, na Wavietinamu Nhật Bản.

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka mwanachuo alishike. Liko neno lenye maana ya «msingi», 基本, ambalo Wachina hulitamka jiben, Wajapani kihon, Wakorea gibon na Wavietinamu cơ bản. Alama ni zile zile, maana ni ile ile, na masikio manne husikia maneno manne. Lakini Wakorea wana alfabeti yao, iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, nayo siku hizi ndiyo inayotumika karibu katika maandishi yote. Wavietinamu huandika kwa herufi za Kirumi kama sisi. Mtoto wa Hanoi aandikapo cơ bản haoni mti wala mzizi. Mama yake sokoni hutaja vốn, yaani mtaji, neno lililozaliwa na alama ile ile zamani sana likageuka sauti, wala hahitaji mti ili apate faida. Maana haikupotea picha ilipoondoka, kwa kuwa haikuwa imekaa ndani ya picha. Ilikaa katika matumizi ya wasemaji.

Katika shule za Japani 本 hufundishwa mwaka wa 1, miongoni mwa alama 80 za mwanzo. Mwalimu huko huweza kuuchora mti, lakini hana budi kufundisha pia hon ya kusoma, hon ya kuhesabia penseli, na moto, kila moja ndani ya sentensi yake. Picha humsaidia mtoto kukumbuka umbo. Sentensi ndiyo humpa maana.

Mwanachuo wetu basi angeliweza kufanya hivi: aandike ubaoni sentensi ya mama, chini yake aandike «Baba amekwenda safari», awaulize watoto ni neno gani lingeweza kushika nafasi ya «safari» katika kila moja. Watoto wangemwambia «mara» katika ya kwanza. Habari ya Kiarabu ingefuata baadaye, kama muda ungebaki.